Kelele Chini ya Kiti cha Nyanya

Mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike makala ya kueleza jambo fulani, wenzangu wengi walikimbilia madhara ya mihadarati na faida za kupanda miti. Hayo ni mazuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu lililonikosesha raha muhula mzima wa pili, nalo ni kelele. Si zile kelele za darasani ambazo kiranja huziandikia majina, la hasha! Ni kelele za tairi na barabara ndani ya gari letu la nyumbani.

Usicheke. Soma kwanza.

Sisi twaishi nje kidogo ya mji wa Molo, pamoja na nyanya, mamake baba. Gari letu baba alilinunua likiwa limeshatumika huko Japani. Ni wagoni, lile umbo ambalo mbele ni la watu na nyuma ni la mizigo. Siku za soko hubeba magunia ya viazi, Jumapili hutubeba sisi kwenda kanisani, na Jumamosi moja kila mwezi humpeleka nyanya kliniki mjini Nakuru kwa sababu ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Safari yenyewe ni kama kilomita hamsini. Nyanya huketi kiti cha nyuma upande wa kushoto, mimi katikati, na ndugu yangu mdogo kulia.

Tukiwa bado mjini Molo, kila mtu anaongea. Tukiishika barabara kuu na mwendo ukafika 80, mazungumzo yanakufa moja moja kama taa za koroboi zinazoishiwa mafuta. Chini yetu panaanza kunguruma, vuuuuu, na juu yake kuna kitu kinachopiga mbinja. Baba naye hupandisha redio. Sasa badala ya kelele moja mnakuwa na mbili.

Mwezi wa tano mama aligeuka akamwuliza nyanya, "Mama, dawa unakunywa zote?" Nyanya akajibu. Mama akasema, "Ati?" Nyanya akajibu tena. "Ati nini, mama?" Mara ya tatu nyanya alimaliza maneno yake, akapunga mkono, akageukia dirishani. Mama akadhani amesema ndiyo. Mimi niliyekuwa nimebanana naye bega kwa bega nilidaka neno moja tu, "usiku". Siku hiyo daktari alipompima alikuta presha iko juu kuliko mwezi uliotangulia. Akashangaa, akasema ikiendelea hivyo itabidi aongeze dawa.

Sikuyaunganisha mambo hayo mawili wakati huo. Nilichojua ni kwamba nyanya, ambaye nyumbani husikia hata ukinong'ona jambo ambalo hutaki alisikie, akiingia garini anakuwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jumatatu nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Akaniambia kwamba mtu akizeeka, masikio huanza kupoteza sauti nyembamba kabla ya zile nzito. Irabu kama a na o zina nguvu, lakini s, f, t na k ni pumzi nyembamba tu. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa umbali wa mita moja, huwa na nguvu ya desibeli 60 hivi. Ndani ya gari lenye kelele, ngurumo hupita kiasi hicho, na cha kwanza kumezwa ni zile konsonanti. Mzee anabaki na irabu mkononi. Hebu jaribu kuelewa sentensi ya Kiswahili ukiwa na irabu peke yake! Basi kosa halikuwa la masikio ya nyanya. Kosa lilikuwa la gari.

Swali langu la pili likawa: kelele hiyo yatoka wapi hasa? Mimi nilidhani ni injini. Mwalimu akanipa jaribio rahisi. Gari likiwa kwenye mwendo, mahali palipo sawa na pasipo na magari mengine, dereva aweke gia huru kwa sekunde chache na kuacha mafuta. Injini inatulia. Kelele ikibaki vilevile, basi injini haina hatia. Tahadhari, msomaji: usifanye hivyo kwenye mteremko, na usiguse ufunguo hata kidogo, maana ukiizima injini usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Baba alikubali baada ya kubembelezwa siku mbili. Akaweka fri, injini ikashuka, na ngurumo ikabaki palepale. Vuuuuu.

Kumbe hivyo ndivyo ilivyo kwa magari mengi madogo. Mwendo ukiwa wa polepole, kelele kubwa ni ya injini. Ukipita kama kilomita 30 hadi 50 kwa saa, tairi huchukua usukani wa kelele, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo zinavyozidi. Ukishuka kutoka 80 hadi 40, kelele ya tairi hupungua kwa takriban desibeli 10, na desibeli 10 katika sikio la mtu ni kama kelele kupungua nusu. Kwa hiyo dawa ya kwanza kabisa haina gharama yoyote: punguza mwendo. Nilimwambia baba hivyo. Alinitazama tu.

Sasa, tairi yenyewe ni mpira, na mpira ni kitu laini. Inapigaje kelele? Nilienda nikachuchumaa kando ya gari nikaitazama kwa makini. Uso wa tairi una vitofali vingi vilivyotenganishwa na mifereji. Kila kitofali kikifika chini kinaigonga barabara, kama kidole kinachogonga meza. Nilivihesabu vya tairi yetu kwa kutia alama ya chaki nilipoanzia, nikapata 68 katika mzunguko mmoja. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 175/70 R14. Maana yake ni kwamba upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 122.5, na rimu ina kipenyo cha inchi 14. Ukipiga hesabu, tairi nzima ina kipenyo cha sentimita 60 hivi na mzingo wa mita 1.89. Kwa mwendo wa 80, gari hupita mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 12 kila sekunde. Zidisha kwa vitofali 68. Unapata magongo kama 800 kwa sekunde! Huo si mgongano tena, huo ni wimbo. Watengenezaji wa tairi wanalijua hilo, ndiyo maana ukitazama vizuri utaona vitofali havilingani ukubwa: kimoja kirefu, kingine kifupi. Wanavichanganya makusudi ili sauti isikusanyike kwenye noti moja kama filimbi, bali itawanyike iwe mvumo.

Kisha kuna hewa. Piga makofi huku viganja vimekunjwa kidogo. Sauti unayoisikia ni hewa iliyobanwa ikatoka kwa ghafula. Mifereji ya tairi hubanwa hivyohivyo inapofika chini, na inapoachia hufyonza hewa tena, kama malapa kwenye sakafu yenye maji. Na pale tairi inapokutana na lami pana pembe nyembamba inayopanuka, umbo hasa la mdomo wa tarumbeta. Kwa hiyo tairi inatengeneza kelele na papo hapo inajitengenezea tarumbeta ya kuipazia.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni ile hewa iliyo ndani ya tairi. Inazunguka rimu kama duara la bomba. Mzingo wake katikati ni karibu mita 1.5. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, basi ukigawanya 340 kwa 1.5 unapata 227. Hiyo ndiyo noti ambayo hewa hiyo hupenda kuimba, mitetemo 227 kwa sekunde au karibu na hapo. Ukipita kwenye shimo dogo utasikia, dung, kama mtungi uliopigwa kofi. Siku hizi zipo kampuni zinazogundisha sponji ndani ya tairi ili kuiua noti hiyo, hasa kwa magari ya umeme, ambayo kwa kuwa hayana ngurumo ya injini huifanya kelele ya tairi isikike uchi.

Barabara nayo ina lake. Lami iliyomwagwa na kunyunyiziwa kokoto juu huunguruma kuliko lami laini iliyochanganywa na kusawazishwa kwa mashine. Uholanzi wameziwekea barabara zao kuu nyingi lami yenye matundu matundu inayomeza hewa na maji, na kelele hupungua. Sisi huku tunachukua tulichopewa. Lakini barabara ina faida moja kwa mchunguzi, nami naomba uikumbuke maana nitairudia: kelele ya tairi hubadilika pindi barabara inapobadilika. Ukitoka kwenye kokoto ukaingia kwenye lami laini, inashuka mara moja, kama mtu aliyefunga mlango.

Hadi hapo nilikuwa nikijiona bingwa. Ikawa sasa ni kuizuia.

Baba alikuwa na mpango wake. Alinunua sponji ya godoro kuukuu, akaikata vipande, akaitandika chini ya kapeti nyuma kote. Tukaenda nayo kanisani. Vuuuuu, kama jana. Wiki ya pili mvua ikanyesha, maji yakaingia kwa miguu yetu, sponji ikayanywa yote, na gari likanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mama akaing'oa akaichoma.

Kwa nini sponji ilishindwa? Kelele huingia garini kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewani, kupitia nyufa za milango, matundu ya sakafu na vioo. Hiyo ni sauti nyembamba, ile mbinja. Ya pili ni kupitia chuma chenyewe: tairi inatetemeka, inatikisa rimu, rimu inatikisa vyuma vya chini na springi, navyo vinatikisa bodi. Weka sikio lako juu ya dawati na mwenzako akwaruze upande wa pili kwa ukucha, utasikia anavyokuja kwa kishindo. Bati la sakafu basi linakuwa ngoma, na sisi tumekalia ngoma hiyo. Sponji ni nyepesi. Inaweza kumeza kidogo ile mbinja, lakini ngurumo nzito inaipita kama vile haipo. Ngurumo huzuiwa na uzito.

Lijaribu jikoni. Chukua sufuria tupu, igonge kwa mwiko, usikie inavyolia. Sasa bandika kipande cha mpira mzito katikati ya kitako chake, ugonge tena. Inasema "tap" na kunyamaza. Madukani kuna karatasi maalum za mpira mzito zenye gundi upande mmoja na alumini upande wa pili, kazi yake ndiyo hiyo. Si lazima ufunike bati lote. Hubandikwa katikati ya kila bati, pale linapotetemeka zaidi. Bei yake lakini si ya watu wa viazi. Usijaribu kutumia lami ya paa badala yake, jua likiwaka itayeyuka na kunuka ndani.

Kabla baba hajanunua kitu kingine, nilimwomba twende kwanza kwa fundi. Sababu yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nimeanza kusikiliza kwa makini tukisafiri, na niliona ajabu. Tukitoka kwenye kokoto kuingia lami laini, ile mbinja na mvumo vilishuka, kama nilivyokueleza. Lakini chini yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kukoroma, ambayo haikujali barabara. Kokoto, lami, hata juu ya daraja, ilikuwa ileile. Ilifuata mwendo tu. Na ilikuwa upande wa nyanya.

Fundi wetu ni mzee wa makamo mwenye gereji ya mabati, ndiye hushughulikia hata trekta. Alimsikiliza baba akieleza juu ya sponji, akacheka, kisha akanigeukia. "Na wewe msichana, wasemaje?" Nikamweleza. Aliacha kucheka. Akasema, "Ingieni."

Alishika usukani mwenyewe. Kwenye barabara tupu, kwa mwendo wa 50 hivi, alianza kuliyumbisha gari taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Akisokota kulia, ile sauti ya kukoroma ilipanda, grrrr. Akisokota kushoto ilififia. "Unasikia?" akaniuliza. "Gari likienda kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto. Anayelia ni wa kushoto. Tairi haiwezi kukuambia hivyo. Hii ni beringi."

Msomaji, huenda hujui beringi ni nini. Ni ule mviringo wa chuma ulio katikati ya gurudumu, wenye gololi ndani yake na grisi, unaoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusagana na mhimili wake. Tuliporudi gereji, fundi alipiga jeki upande wa kushoto nyuma, akaweka mawe mbele ya magurudumu mengine, akaliingizia stendi chini, kwa maana alisema mtu hafanyi kazi chini ya jeki peke yake. Akanishikisha springi ya gurudumu hilo kwa mkono mmoja huku akilizungusha gurudumu kwa wake. Nilihisi kitu kama mchanga kikisagika. Kisha akashika tairi juu na chini, akaisukuma na kuivuta. Ikacheza, kok, kok. Upande wa kulia alipofanya vilevile haikucheza hata chembe.

Alipoifungua, grisi ilikuwa imegeuka tope la rangi ya chai, na gololi zilikuwa zimeliwa na kutu. Akamwuliza baba kama tumewahi kuvuka maji. Mvua ya mwezi wa nne tulivuka kijito kilichofurika, maji yakafika katikati ya magurudumu, na sote tulishangilia. Maji yaliingia hapo siku hiyo. "Mzee wangu," fundi akamwambia baba, "ungeongeza sponji kidogo na redio kidogo, usingeisikia tena. Halafu siku moja gurudumu lingekwama au lingechomoka, nanyi mko barabara kuu na malori." Baba hakujibu. Alikuwa akilitazama lile dirisha la nyuma la kushoto.

Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeanza kazi yangu kinyume. Nilitaka kuinyamazisha kelele kabla ya kuiuliza jina. Kama wewe pia gari lenu linanguruma, usianze na kapeti. Sikiliza kwanza. Ikibadilika pamoja na barabara, ni tairi. Isipobadilika ila ikafuata mwendo, na ikapanda au kushuka gari linapopinda, mpeleke fundi leo, si kesho. Kwa kweli hata ile ya tairi si salama kila mara. Fundi alinifundisha kupitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kwanza kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Tairi ya mbele kulia ilikuwa laini ukienda mbele, na kali kama meno ya msumeno ukirudi. Hiyo ni dalili kwamba magurudumu hayakutazama mbele sawasawa, na kila jino la msumeno ni kelele. Ikiwa imelika kwa mabonde mabonde, mara nyingi shokomzoba zimechoka na gurudumu linadundadunda.

Beringi ilibadilishwa, magurudumu ya mbele yakanyooshwa, na tairi zikabadilishana nafasi. Halafu fundi akapima upepo. Zote zilikuwa 45! Baba huzijaza hivyo siku za viazi na kuzisahau. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 33 kwa gari lenye watu. Tairi iliyojaa kupita kiasi ni ngumu kama mpira wa kikapu, kila kokoto inafika kwenye uti wa mgongo wako. Lakini usivuke upande wa pili ukapunguza chini ya kibandiko ukitafuta utulivu. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto, na inaweza kupasuka. Siku hizi ni kazi yangu kupima kila Ijumaa jioni kabla tairi hazijapata joto la safari.

Kuhusu tairi zenyewe, umri wake husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zetu zinasema 3517, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mpira unapozeeka unakuwa mgumu, kelele zinaongezeka na breki zinapungua nguvu kwenye maji. Tairi mpya ndiyo dawa, ila karo ya kaka yangu chuoni ilikuwa mbele. Baba ameahidi Desemba. Nikamwomba akienda dukani aulizie tairi yenye kile kibandiko cha Ulaya ambacho, tangu mwaka 2012, huonyesha pia desibeli za kelele yake. Hizo ni desibeli za nje, zinazopimwa kando ya barabara gari likipita, si za ndani. Hata hivyo ukilinganisha tairi mbili za kipimo kimoja, afadhali yenye namba ndogo.

Baada ya hayo yote ndipo tukarudi kwenye kapeti, na safari hii tulijua twafanya nini. Nyuma kwenye sehemu ya mizigo kulikuwa na bati tupu juu ya magurudumu, bila kitambaa hata kimoja. Mimi na baba tuliosha, tukakausha, tukagundisha katikati ya kila bati vipande vya tyubu kuukuu ya lori. Si nzuri kama zile karatasi za dukani, lakini ni nzito. Juu yake tukatandika mkeka mzito wa mpira. Tuliacha wazi vile vitundu vya chini vya kutolea maji, maana ukiviziba bodi itaoza. Kisha nikapima milango kwa ukanda wa karatasi: unaufungia mlangoni nusu ndani nusu nje, unauvuta. Ukitoka kwa urahisi, mpira wa mlango hapo umelegea. Mlango wa nyanya ulitoa karatasi kama vile haujafungwa. Mpira wake ulikuwa umekatika chini, tukaubadilisha.

Nilikuwa nikipima kwa programu ya simu ya mama, kwa mwendo wa 80 kwenye kipande kilekile cha barabara. Simu si chombo cha maabara, namba yake usiiapie, lakini inafaa kulinganisha jana na leo. Mwanzo ilikuwa 78. Baada ya beringi, 75. Baada ya upepo, mikeka na mpira wa mlango, 71. Ukiona ni kidogo, kumbuka desibeli hazihesabiwi kama maembe. Kupungua 7 kunamaanisha kwamba nguvu ya sauti imebaki sehemu moja kati ya tano.

Mwezi wa nane, nikiwa likizoni, tulienda kliniki. Tulipofika 80 nilisubiri ile vuuuuu. Ilikuwepo, sikudanganyi, ila ilikuwa mbali, kama ya gari la jirani. Baba akanyoosha mkono kuwasha redio, mama akaushika. Kimya kidogo. Kisha mama akauliza lile swali lake la kila mwezi, bila kugeuka.

"Mama, dawa unakunywa zote?"

"Nimeshawaambia mara tatu katika gari hili," nyanya akasema. "Ile ya jioni niliiacha. Inaniamsha usiku kila saa kwenda haja ndogo, na nje ni giza. Mlinyamaza, nikajua mmekubali."

Mama aligeuka mzima mzima. "Uliiacha tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na daktari mbona hukumwambia?"

"Yule kijana mdogo? Nimwambie habari za haja?"

Siku hiyo mama aliingia naye chumbani kwa daktari. Daktari alieleza kwamba dawa hiyo kazi yake ni kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, akamwambia awe akiinywa asubuhi badala ya jioni. Hakuongeza dawa nyingine. Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka.

Tulipokuwa tukirudi, mimi kwa mazoea niliinamia sikio lake nikamwuliza kwa sauti ya juu kama ana njaa. Nyanya akaruka, akanisukuma begani. "Mbona wanipigia kelele, mjukuu wangu? Mimi si kiziwi." Halafu akamwambia baba apunguze mwendo, na baba, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kumsikia akisema hivyo, akapunguza.